Wachezaji, Sapu na Birika la Somoe

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kwako Somoe, mke wangu,

Naanza na habari mbaya ili niimalize. Timu inakufa.

Asubuhi Madamu Modesta, mkuu wetu wa chuo, alituita sote uwanjani. Kasimama katikati ya duara na viatu vya kisigino kirefu, kila akigeuka anachimba shimo kwenye nyasi zangu. Akasema karibu kikosi chote cha kwanza kimefeli na kina sapu. Wewe hukulipenda neno hilo. Ni ule mtihani wa kurudia, ukifeli na huo unarudia mwaka au unafungasha sanduku. Akasema mahafali ya mwaka jana hakuna mchezaji hata mmoja aliyevaa joho. Hiki ni chuo cha ualimu, si kambi ya mpira. Wengi wao wakifaulu sapu, timu itabaki. Wakifeli, timu inavunjwa, na mvua zikianza uwanja unapandwa mikorosho.

Mikorosho! Kwenye eneo la penalti!

Nassoro wa maktaba alikuwa nyuma yake, anaitikia kwa kichwa kama yeye ndiye aliyeandika hotuba. Aliponipita akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba wachezaji wangu wana akili nyingi sana, ila zimekaa kwenye soksi, na mimi ndiye ninayezifua. Wanafunzi wakaangua kicheko. Ni mtani wetu, sina haki ya kukasirika. Nimekasirika.

Nahodha Fadhili hakucheka. Unamkumbuka. Yule mrefu wa Nanyamba, aliyekuja mwaka wa kwanza na viatu vya kuazima, ukampa muhogo bila kumdai. Huu ndio mwaka wake wa mwisho. Baba yake ameshatangaza kijiji kizima kuwa mwanawe anarudi mwalimu. Akaniuliza taratibu: Babu Yassini, tufanyeje? Nikamwambia aniachie mimi. Kikazi mimi ni mtunza vifaa wa timu. Lakini pia ndimi mwenyekiti wa kamati ya ufundi, ile ya mambo yasiyosemwa kikaoni. Kwa kweli ndimi kamati nzima, wenzangu wamestaafu. Wewe ulikuwa ukiuita ushirikina. Mimi nauita tahadhari.

Jumanne, 5 Novemba

Swali limenikaa kichwani tangu jana. Kwa nini wachezaji hawamalizi chuo? Zamani walikuwa wakimaliza. Au nakumbuka vibaya? Nikaamua kuchunguza, kama wale watu wa utafiti wanaokuja na kofia.

Picha za mahafali za kila mwaka zimetundikwa kwenye korido ya ofisi. Nikaenda na kitambaa, najifanya nafuta vumbi. Tatizo moja. Wachezaji mimi nawajua kwa miguu! Matege ya fulani, goti lenye kovu la fulani. Na joho linafika chini. Nimezikodolea macho nyuso kama mtu anayetafuta mbuzi wake mnadani.

Lakini nimewapata. Yule kipa aliyeogopa mvua. Wale mapacha wa Kitaya. Mshambuliaji aliyefunga goli kwa sikio akasema alikusudia. Mwaka baada ya mwaka wapo, tena wengi kuliko watu wa klabu ya mdahalo ya Nassoro, na wanacheka. Kwenye picha moja upo wewe pembeni, umeshika birika, mpiga picha kakukata nusu. Hiyo nimeifuta zaidi ya nyingine.

Mwaka juzi wapo. Mwaka jana hakuna. Ghafla, kama bomba lililofungwa!

Nini kilibadilika? Nilikwenda kukaa kwenye benchi lako pembeni ya uwanja, nikawaza. Wewe uliondoka Januari mwaka jana, lakini wewe ulikuwa ukiuza chai na mihogo, hukuwa mwalimu. Mkuu ni yuleyule. Chakula ni kilekile, maharage. Nikainua macho, nikaliona jibu linang'aa juani. Magoli! Februari mwaka jana ndipo tulipong'oa milingoti ya mvule tukasimika ya chuma. Chuma ndicho kimefunga akili za watoto. Nashangaa msomi hata mmoja hajaliona.

Jumatano, 6 Novemba

Kinachotakiwa ni mvule wa goli la zamani. Kila mchezaji akiingia na kipande kidogo kwenye mtihani, chuma kitashindwa nguvu.

Milingoti yote imeshaliwa na jiko la chuo. Umebaki mtambaa wa panya mmoja, ule mti wa juu. Uko wapi? Maktaba! Nassoro aliuomba, akaukata, akausimamisha kuwa nguzo ya shelfu refu la ukutani. Nimekwenda kumwomba kistaarabu. Akasema nguzo haitoki, labda nimletee kwanza mchezaji mmoja anayejua mlango wa maktaba unafungukia ndani au nje.

Nimetoka. Nilipofika nje nikagundua hata mimi sijui. Nikarudi kuchungulia. Unafungukia ndani.

Alhamisi, 7 Novemba

Ole wangu.

Nilisubiri Nassoro aende kuswali adhuhuri. (Mimi niliswali baadaye, usiwe na wasiwasi.) Nikaingia na msumeno. Nia yangu ilikuwa kukata kipande cha chini tu, ukubwa wa andazi. Nilikata vizuri, taratibu, bila fujo. Sikuwa nimefikiria kwamba nguzo ikipungua chini, juu nako kunapungua.

Shelfu liliinama kama linalotaka kuninong'oneza. Kisha likaja lote. Likamgonga jirani yake, jirani akamgonga jirani, wakalala wote mmojammoja kama mabeki wetu wakiona winga mwenye kasi. Vumbi la tangu enzi za wakoloni. Mimi nimesimama katikati, msumeno mkono huu, andazi la mvule mkono ule.

Nassoro alirudi na makobazi mkononi. Akaniangalia mimi, akauangalia msumeno. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, kama ninatafuta kitabu gani.

Madamu Modesta ametoa adhabu. Mimi na wachezaji wangu tutarudisha vitabu vyote, kila jioni mpaka viishe, na kila kitabu kikae na wenzake wa somo lake. Nikamweleza kuwa jioni ni muda wa mazoezi. Akasema ndiyo maana ameichagua jioni.

Lakini mvule ninao.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya swala nimepita kaburini kwako, Mikindani. Nimeng'oa majani. Kuna kijimti cha stafeli kimejiotea karibu na miguu yako, nimekiacha, wewe si mtu wa kumfukuza mgeni.

Nilimkumbuka Nassoro siku ya msiba wako. Alijifunga kanga yako, kama mtani wa kweli, akachukua birika lako, akapita kwa waombolezaji akiwanyima chai. Kila mtu anamwuliza: leo umesoma nini? Hujasoma? Hunywi! Akamfikia mpaka shehe. Shehe akacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu usiku ule wa hospitali. Maana ndivyo ulivyokuwa. Uliachishwa shule darasa la nne uwalee wadogo zako, basi ukawa unataka kujua kila kitu. Hakuna mchezaji aliyepata kikombe kabla hajakueleza alichofundishwa siku hiyo, na wewe ukimbana mpaka uelewe. Nilikuwa nawaona wakipekua daftari huku wanafunga kamba za viatu, wasije kwako mikono mitupu.

Sijui kwa nini limenijia hilo leo. Turudi kwenye mambo ya maana.

Nimemchukua Sudi, beki wetu wa kushoto, nyumbani kwangu. Yeye ndiye mzito wa kichwa kuliko wote, kwa hiyo anahitaji kambi kamili. Nimemwombea ruhusa asije kupanga vitabu, nimesema tumbo. Supu ya pweza asubuhi, usingizi mchana, uji jioni. Vitabu marufuku. Mchezaji hakimbizwi siku za mwisho kabla ya mechi, na ubongo vivyo hivyo. Sudi amesema haijawahi kutokea mtu kumwelewa hivi.

Jumatatu, 11 Novemba

Kupanga vitabu ni kazi ngumu kuliko kufyeka uwanja. Vimeandikwa Kiingereza, mimi nimeishia la saba. Nitajuaje kitabu kinakaa na nani? Inabidi niulize.

Vumbi likatukausha koo. Nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku lako, nikatoa birika. Sikuwa nimeligusa tangu Januari ile. Bado lina kibonyeo ulipomrushia mbuzi wa Bi. Rukia. Nimepika chai ya mchaichai. Haikuwa kama yako, lakini ilikuwa ya moto.

Nikaweka sheria. Asiyenieleza kitabu kinasema nini, hapati kikombe. Si kwa ubaya. Tukikosea kupanga tutaadhibiwa tena.

Rajabu, kipa wetu, akaokota kitabu, akasema ni cha fizikia, kinahusu kuelea. Nikauliza, kuelea kufanyaje? Akasema, kuhusu vitu vinavyoelea. Nikamwuliza basi: meli pale bandarini ni ya chuma, imebeba makontena ya korosho, inaelea. Msumari wangu ni wa chuma, haujabeba chochote, unazama. Kwa nini? Rajabu akapekua kurasa mbele, akapekua nyuma. Wenzake wakapiga kelele kipa kafungwa goli la mchana kweupe. Nassoro, aliyejifanya hasikii, akasema kutoka mezani kwake kuwa limepita katikati ya miguu.

Chai hakupata. Kaondoka na kitabu chini ya kwapa, kanuna. Mimi nilikuwa nauliza kwa sababu nataka kujua. Nimekaa Mtwara umri wangu wote nikiziangalia meli zile, na sijawahi kupata mtu wa kumwuliza.

Jumatano, 13 Novemba

Rajabu kaja na ndoo ya maji, sufuria na kijiko. Akaweka kijiko, kikazama. Akaweka sufuria, ikaelea, na sufuria ni nzito kuliko kijiko! Akasema meli ni sufuria kubwa, imesukuma maji mengi pembeni, na maji nayo hayakubali, yanaisukuma juu. Nikabisha. Nikasema je, sufuria ikijaa maji? Akaijaza, ikazama. Nikabisha tena. Akaeleza tena kwa njia nyingine. Nassoro akaja kubisha naye, kikombe mkononi. Nikamwambia chai ya hapa hainywewi bure. Ikabidi atueleze kwa nini vitabu vya maktaba vina namba mgongoni. Hakuwa amejiandaa. Kajikanyaga sana! Wachezaji wakampa makofi ya huruma.

Fadhili akaokota kitabu kinene cha mambo ya ualimu. Akasema humo wameandika kwamba mtu hulishika zaidi jambo ambalo amelazimika kumweleza mwenzake. Nikamwambia ni maneno mazuri, yaelekea ni ya kweli. Akaniangalia, sijui alikuwa anangoja nini. Nikampa chai. Shelfu la mwisho lilikuwa limepungua kimo upande mmoja, pale nilipokata. Kitabu nimekisukumia chini yake. Sasa limekaa sawa kabisa.

Moyoni nina wasiwasi. Siku zinakwisha, jioni zote tunazipoteza kwenye mabishano. Hakuna aliyejiandaa ipasavyo ila Sudi. Huyo ananawiri.

Ijumaa, 15 Novemba

Vitabu vimeisha jana, wachezaji wamekuja hata hivyo. Wanasema wamezoea chai. Nimewauliza moyo unapigaje bila kupumzika, maana wa kwangu mwaka jana nilidhani utasimama. Fadhili alichora ubaoni vyumba vyake vyote na milango yake. Akasema unapumzika, Babu, katikati ya pigo na pigo, kidogo tu, ndiyo maana unaweza kuendelea.

Nimelifikiria hilo njia nzima kurudi nyumbani. Ningependa ungekuwepo umbane aeleze zaidi.

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya mtihani.

Mapema nilimkuta Nassoro amesimama mlangoni pa ukumbi anamwaga maji kwa kopo. Anasema anatuliza vumbi. Vumbi! Mimi si mtoto. Timu haipiti mlango uliomwagiwa maji na mpinzani, hilo hata mwokota mipira analijua. Nikawapeleka vijana nyuma ya ukumbi, kwenye dirisha. Kila mmoja na kijipande chake cha mvule ndani ya soksi. Sudi nimempa kikubwa kuliko wote, kwa mapenzi.

Rajabu akapita kwanza, kaingia kwa kupiga mbizi kama anaokoa penalti. Wengine wakafuata. Sudi alipita kwa shida, kwa ajili ya uji. Fadhili wa mwisho, akakwama. Kichwa ukumbini, miguu nje mikononi mwangu. Nikasikia sauti ya Madamu Modesta ikikisalimia kichwa. Ikakiuliza habari za nyumbani. Ikakiuliza kama mlango umehamishwa. Kisha akatoka nje akanisalimia na mimi.

Wakakaguliwa. Msimamizi kakuta mti kwenye soksi. Akaunusa. Akauinua kwenye mwanga atafute majibu yaliyoandikwa. Akauliza hii ni nini, Rajabu akasema ni mtambaa wa panya, bwana. Vyote vikatiwa kwenye ndoo. Wote wakatolewa nje, wakaamriwa waingie kwa mlango, mmojammoja, kama watu waliozaliwa na mama zao. Wakakanyaga maji ya Nassoro! Nilifumba macho.

Ni Sudi peke yake aliyepona. Cha kwake alikuwa amekiweka kwapani. Kwa hiyo nina tumaini moja tu, na ni Sudi.

Walipotoka, Rajabu alinijia mbio akasema swali la meli lilikuwemo. Nikamwambia asihangaike na maswali. Tuombe Mungu yale maji yawe yamekauka.

Jumamosi, 30 Novemba

Somoe! Wamefaulu!

Wote, isipokuwa Sudi. Sudi anarudia mwaka. Nimeumia sana, maana yeye ndiye aliyepata kila kitu, supu, usingizi, dirisha na mti. Nadhani kipande kilikuwa kikubwa mno. Dawa ikizidi inageuka.

Madamu Modesta amenipa mkono. Timu inabaki, miche ya mikorosho imepelekwa Nanyamba. Akasema hajui nilichofanya na hataki kujua, ila nisilisogelee tena dirisha. Baba yake Fadhili alipigiwa simu hapohapo ofisini. Nilisikia vigelegele mpaka kwenye korido. Fadhili alitoka, akageukia ukutani, akaiangalia ile picha uliyokatwa nusu.

Nassoro anasema kilichowafaulisha ni hewa ya maktaba yake. Mimi nasema ni dirisha. Walishaingia mara moja kwa dirisha, na kuingia kwa kwanza ndiko kunakohesabika, hayo mengine ya mlangoni ni kupita tu. Tumebishana mpaka wachezaji wakatuletea viti.

Kisha Fadhili akanivuta pembeni. Akasema: Babu, si mti, si dirisha. Ni birika. Ni ile chai ya Bibi Somoe, ni yale maswali.

Kumbe! Birika! Nilikuwa nalo sandukuni muda wote! Liliondoka uwanjani Januari, na akili za watoto zikaondoka nalo. Mimi nahangaika na chuma! Kitu chenye nguvu namna ile hakiachwi ovyo, wapinzani wakisikia wataliiba. Nimeshaamua. Kesho baada ya alasiri nalizika chini ya goli la kusini, karibu na mlingoti wa kulia, nalifunga kwenye kanga yako ya samawati ili lisishike kutu. Fadhili alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, Babu, sivyo nilivyosema. Kijana mnyenyekevu, hataki sifa.

Wakaniuliza Jumatatu chai watanywea wapi. Nimesema itapikwa kwenye sufuria, si lazima birika. Inabidi waje, maana Rajabu ameahidi kunieleza ile gesi ya Msimbati imefikaje kule chini, na ni nani aliyejua kuwa ipo. Nimekuwa nikijiuliza tangu bomba lilipopita. Asiponieleza vizuri hanywi, kwa ajili ya utaratibu tu. Sudi nimemwambia asije kwenye mabishano hayo, yatamchosha. Namwandalia kambi ndefu zaidi.

Birika naliazima tu, mke wangu. Usininunie. Mimi nitakumbuka lilipo. Nawe huko uliko, unikumbuke.

Yassini wako